Fainali ya Vital'O ya Mwaka 1992 na Mji Ulioitazama

Hapa Bujumbura, ukitaka kumfungua mdomo mwanamume aliyevuka miaka hamsini, usimwanzie siasa. Mwanzie Vital'O. Atakuuliza wewe ni mtoto wa nani, atavuta kiti, kisha atakuambia alikaa upande gani wa uwanja siku ile. "Siku ile" haihitaji tarehe. Ni siku ya mwaka 1992 ambapo Vital'O, klabu ya jezi za zambarau na nyeupe, iliikaribisha Africa Sports ya Abidjan katika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika. Mechi ilikwisha kwa sare ya 1-1. Katika marudiano kule Abidjan tulifungwa 4-0. Jumla ikawa 5-1, kombe likabaki Ivory Coast, na tangu hapo hakuna klabu ya Burundi iliyofika tena fainali ya mashindano ya bara zima.

Mimi nilizaliwa zaidi ya miaka kumi baadaye. Hata hivyo nimekua nikiisikia mechi hii kama mtu anavyosikia habari za babu aliyefariki kabla hajazaliwa: namjua tabia zake, sijaiona sura yake. Nilipotakiwa kuandika insha ya historia, wenzangu wengi walichagua wafalme, misafara ya pembe na mikataba. Mimi nilichagua dakika tisini. Mwalimu wangu aliniuliza, tena kwa upole, kama dakika tisini zinatosha kuitwa historia. Insha hii ni jibu langu kwake.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza ni la mpira wenyewe: je, ile sare ya nyumbani ilikuwa bahati mbaya tu, kama wazee wanavyopenda kusema? La pili ni la mji: kwa nini kombe tulilolikosa linakumbukwa kana kwamba tulilitwaa?

Kwanza niyaeleze mashindano yenyewe, kwa sababu vijana wa rika langu wanayajua ya leo tu. Mwaka 1992 Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, lilikuwa na vikombe vitatu vya klabu. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Klabu Bingwa, kwa waliotwaa ligi. Kombe la Washindi lilianza mwaka 1975, na lilikuwa la timu zilizotwaa kombe la nchi zao. Cha tatu, Kombe la CAF, kilizaliwa mwaka huo huo wa 1992. Hapakuwa na mambo ya makundi. Kila hatua ni mechi mbili, nyumbani na ugenini. Ukishindwa unarudi kwako. Jumla ya mabao ikilingana, aliyefunga mengi ugenini ndiye anayepita. Kombe la Washindi lenyewe halipo tena: toleo lake la mwisho lilikuwa la 2003, na mwaka uliofuata liliunganishwa na Kombe la CAF likazaliwa Kombe la Shirikisho tunalolijua sasa.

Kwa hiyo, ukiisoma ile 1-1 kwa macho ya kanuni hizo, unaona mara moja uzito wake. Africa Sports waliondoka Bujumbura wakiwa na bao la ugenini mfukoni. Sare ya 0-0 kule kwao ingewatosha. Vital'O walipaswa kukatiza bara zima, kutoka ziwani hadi bahari ya magharibi, na huko ama washinde ama watoke sare yenye mabao.

Wazee wangu wa Buyenzi husema: "Tungewafunga hapa, mwanangu, mambo yangekuwa mengine." Niliyachukua maneno hayo nikaenda kuyapima. Nilikusanya matokeo ya fainali zote za mashindano ya CAF zilizochezwa na klabu za Uganda, Kenya, Tanzania na Burundi tangu mwanzo hadi mwaka 1993. Ziko saba. Nilitegemea kuona mchanganyiko wa mazuri na mabaya. Nilichokiona kilininyima usingizi.

Mwaka 1972 Simba ya Uganda, timu ya jeshi, ilifika fainali ya Klabu Bingwa. Ilifungwa 4-2 na Hafia kule Conakry, ikafungwa tena 3-2 nyumbani Kampala. Mwaka 1979 Gor Mahia ya Kenya ilifika fainali ya Kombe la Washindi. Canon ya Yaoundé ikawafunga 2-0 Nairobi na 6-0 kwao. Mwaka 1987 Gor Mahia walirudi, na safari hii walitwaa kombe mbele ya Espérance ya Tunis, kwa sare ya 2-2 ugenini na 1-1 Nairobi. Mwaka 1991 Villa ya Kampala walipigwa 6-2 na Club Africain kule Tunis, na marudiano nyumbani yakawa 1-1. Mwaka 1992, ndipo tulipo sisi, Vital'O 1-1 nyumbani. Mwaka huo huo Villa walifika fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la CAF: 0-0 Kampala, kisha 3-0 kwa Shooting Stars kule Ibadan. Na mwaka 1993 Simba ya Dar es Salaam walitoka 0-0 na Stella mjini Abidjan, wakarudi nyumbani wakihitaji ushindi wowote ule, wakafungwa 2-0.

Sasa hesabu mechi za nyumbani peke yake. Ni saba. Hakuna hata moja iliyoshindwa na mwenyeji. Hata Gor Mahia, klabu pekee kati ya hizo iliyotwaa kombe, ilitwaa bila kushinda mechi yoyote kati ya mbili za fainali. Ilibebwa na mabao mawili ya Tunis. Katika mechi saba za nyumbani, timu zetu zilifunga mabao matano tu.

Kwa hiyo sare ya Bujumbura haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa desturi ya ukanda mzima. Nikimwambia hivi baba mkubwa wangu, ambaye alikuwapo uwanjani, huwa ananiangalia kama mtu aliyemwambia kwamba mvua ya siku ya harusi yake ilikuwa imetabiriwa.

Kwa nini basi? Jibu rahisi ni kwamba wapinzani walikuwa wakubwa kuliko sisi. Hilo ni kweli, na halipaswi kudharauliwa. Mwaka 1992 ulikuwa mwaka wa Ivory Coast: mwezi wa Januari timu yao ya taifa ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kule Senegal, kwa kuwashinda Ghana kwa penalti 11-10. Klabu ya Africa Sports yenyewe haikuwa ya kubahatisha; mwaka uliofuata ilirudi tena fainali ya kombe hilo hilo, ikashindwa na Al Ahly ya Misri kwa bao moja tu katika mechi mbili. Na Stella iliyowaliza Simba wa Dar es Salaam mwaka 1993 ni ya Abidjan pia. Yaani mji mmoja ulizikatisha tamaa pwani na maziwa kwa miaka miwili mfululizo.

Lakini ukubwa wa mpinzani hauelezi kila kitu. Timu kubwa hufungwa ugenini Afrika kila mwaka; joto, safari, kelele, vyote vinajulikana. Wengine husema tatizo ni mpangilio wa mechi, kwamba anayeanzia nyumbani anaumia. Nami nilifikiri hivyo mwanzoni. Simba wa Dar es Salaam wananikatalia: wao walianzia ugenini, wakapata matokeo mazuri, na bado walianguka kwao.

Maoni yangu, na ninayatoa kama maoni, ni kwamba klabu zetu zilifika fainali kama mtu anavyofika kwenye harusi yake: mara moja. Hafia, Canon na Al Ahly walizoea. Kwetu mji mzima ulikuwa umeshavaa nguo mpya kabla mpira haujapigwa. Mchezaji aliingia uwanjani akiwa amebeba mitaa yote, na ile kanuni ya bao la ugenini ilimwambia kila akitaka kupanda mbele: ukifungwa hapa, umekwisha. Baba mkubwa alilisema hili vizuri kuliko mimi, tena bila kujua kwamba ananisaidia. Alisema: "Dakika za kwanza tuliogopa hata kushangilia. Uwanja umejaa, lakini unasikia mtu anakohoa upande wa pili."

Uwanja huo nao una historia yake. Wakati ule uliitwa jina la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Leo unaitwa Intwari, yaani mashujaa. Rwagasore alikuwa mtoto wa Mwami Mwambutsa IV, na chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961. Wiki chache baadaye, tarehe 13 Oktoba, alipigwa risasi katika mji huu huu, ukiitwa bado Usumbura. Waswahili wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema, wafanyabiashara wakiwa mbele. Ndiyo maana wazee wa mtaa wetu hawasemi "uwanja wa mpira". Mpaka leo utawasikia: "Tulikwenda kwa Rwagasore."

Buyenzi, kwa asiyeijua, ni mtaa uliopangwa na serikali ya kikoloni ya Wabelgiji kwa ajili ya Waswahili waliokuwa wakiishi karibu na ziwa. Mitaa yake ni avenyu zenye namba, misikiti yake ni mingi, na gereji zake zinafufua magari yaliyokwisha kuzikwa kwingine. Jirani yake ni Bwiza, iliyokuwa ikiitwa Belge. Humo, tangu zamani, Mtutsi, Mhutu, Mkongo, Mmanyema na mtu wa Ujiji walikuwa wakipanga nyumba moja na kuzungumza Kiswahili kimoja. Simaanishi kwamba palikuwa peponi. Walikuwa na ugomvi wao, na moja ya sababu za ugomvi ilikuwa ni Vital'O na Inter Star. Mwanamume mmoja wa avenyu ya jirani, shabiki wa Inter Star wa kufa na kuzikana, aliniambia kwamba siku ya fainali alivaa shati la zambarau la mke wa kaka yake kwa kuwa hakuwa na nguo nyingine ya rangi hiyo. "Siku moja tu," aliniambia, akinyoosha kidole. "Kesho yake nililirudisha."

Mwaka wenyewe ulikuwa wa matumaini. Machi 1992 nchi ilipata katiba mpya iliyoruhusu vyama vingi, baada ya miaka mingi ya chama kimoja na serikali za wanajeshi. Rais alikuwa Pierre Buyoya. Uchaguzi ulikuwa unakuja, na ulifanyika Juni 1993, akashinda Melchior Ndadaye, raia wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuwa rais wa Burundi. Fainali ya Vital'O imekaa katikati ya mambo hayo mawili, katiba na uchaguzi. Wale niliozungumza nao hawakuitaja katiba hata mara moja. Lakini walizungumza juu ya mwaka huo kwa sauti ile mtu anayotumia anapoeleza nyumba aliyokaa kabla haijaungua.

Nilizungumza na watu watatu walioingia uwanjani: baba mkubwa, yule wa Inter Star, na fundi wa masanduku ya gia ambaye wakati ule alikuwa mtoto wa shule na aliingia bila tiketi. Niliwauliza maswali yale yale, kama tulivyofundishwa. Nani alifunga kwanza? Baba mkubwa anaapa kwamba ni sisi, kisha wakasawazisha. Fundi anasema ni wao, kisha tukasawazisha, na kwamba kelele za kusawazisha ndizo alizozisikia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Yule wa Inter Star alisema hayo si muhimu, moja ni moja. Niliwauliza kama mvua ilinyesha. Nikapata majibu matatu kutoka kwa watu watatu. Ningekuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ningeitupa kazi yote, nikasema ushahidi wa mdomo haufai.

Lakini kulikuwa na swali ambalo wote watatu walijibu bila kusita, na wote walianza nalo kabla sijauliza: ulikaa na nani? Hapo hakuna aliyebabaika. Wananitajia safu nzima ya watu, kutoka kushoto kwenda kulia, kazi zao, mitaa yao: huyu wa Kamenge, huyu wa Nyakabiga, wale ndugu wawili wa Ngagara, muuza samaki wa Kinama. Mabao wameyasahau mpangilio wake. Majirani wa kwenye benchi hawajawasahau.

Baba mkubwa alikwenda na rafiki yake wa Kamenge, waliyekuwa wakifanya naye kazi kwenye ghala moja karibu na bandari. Baada ya mechi watu walizunguka mjini mpaka usiku, kwa sababu wengi waliihesabu sare kama ushindi. (Kanuni ya bao la ugenini, nadhani, siku ile ilijulikana na wachache, na hao wachache walikwenda kulala mapema.) Yule rafiki alichelewa kurudi Kamenge, akalala kwetu Buyenzi, chumba cha mbele, kwenye mkeka. Bibi yangu alimpa chai asubuhi. Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi ambayo baba mkubwa aliirudia mara tatu katika mazungumzo yetu. Mara ya kwanza nilidhani amesahau kwamba ameshaniambia. Mara ya tatu nikaelewa kwamba hiyo ndiyo fainali yake.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa na wanajeshi, na nchi ikaingia vitani. Sitaeleza vita hapa. Wapo waliofanya hivyo vizuri kuliko nitakavyoweza. Nitasema tu lililoupata mji. Mitaa iliyokuwa ya watu wote iligeuka, mmoja baada ya mwingine, kuwa ya upande mmoja. Kamenge na Kinama zikawa za Wahutu. Ngagara, Nyakabiga na Cibitoke zikawa za Watutsi. Palikuwa na siku za "mji uliokufa", ambapo kutoka nje ya mtaa wako kulikuwa ni kuweka maisha yako rehani. Buyenzi na Bwiza zilijitahidi kubaki mitaa ya watu wote, lakini Machi 1995 nazo zilishambuliwa, watu wakauawa, na wengi wakakimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Baba mkubwa alikuwa mmoja wao. Alikaa huko kwa muda, kisha akarudi. Rafiki yake wa Kamenge alipita njia nyingine, akaishia kambini mkoani Kigoma, Tanzania. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kama mwenzake yu hai.

Ukiichukua ile safu ya benchi aliyoitaja fundi, ukaiweka juu ya ramani ya mji wa mwaka 1995, unaona kwamba watu wale wasingeweza tena kukaa pamoja. Kila mmoja angelazimika kupita kwenye mtaa ambao ungemuua. Nadhani hapa ndipo lilipo jibu la swali langu la pili. Wazee hawaikumbuki fainali kwa sababu ya kombe. Kombe halikuja. Wanaikumbuka kwa sababu ndiyo mara ya mwisho waliyoweza kuhesabiana wote, kwa sauti, mahali pamoja, wakitaka kitu kimoja. Mwalimu wangu anaweza kusema kwamba hapa ninaitia historia chumvi ya majonzi, kwamba watu hupamba kila kilichotangulia msiba. Nakubali hatari hiyo ipo. Lakini hawakupamba mechi yenyewe: walikubali wote kwamba Vital'O walicheza kwa woga, na kwamba Abidjan tulistahili kipigo. Aliyekuja kupamba angeanza na hapo.

Mpira wenyewe haukufa vitani, na hilo linastahili sentensi zake. Mwaka 1993 timu ya taifa ilikaribia kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika, ikatolewa na Guinea kwa penalti. Vital'O waliendelea, na mwaka 2013 walitwaa Kombe la Kagame, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, lililochezwa Sudan, Darfur ikiwa miongoni mwa vituo vyake; klabu za Tanzania zilikataa kwenda kwa kuhofia usalama, Vital'O wakaenda na katika fainali wakawafunga APR ya Rwanda 2-0. Amissi Tambwe, mshambuliaji wao, alichukuliwa na Simba ya Dar es Salaam mwaka huo huo, na msimu wake wa kwanza akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania. Hilo ni kombe kamili, lililokuja nyumbani. Lakini muulize mtu Buyenzi kuhusu 2013. Atakujibu, ndiyo, tulishinda, kisha atarudi 1992.

Halafu ikaja tarehe 23 Machi 2019. Uwanja ni ule ule. Burundi ilihitaji sare dhidi ya Gabon ili iende Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake. Nilikuwa shuleni bado, na nilikuwapo, nimebanwa kati ya watu nisiowajua. Dakika ya 76 Cédric Amissi alifunga. Dakika chache baadaye tulijifunga wenyewe, na uwanja ukawa kimya kiasi kwamba nilikumbuka lile neno la mtu kukohoa upande wa pili. Ikaisha 1-1. Matokeo yale yale, kwenye nyasi zile zile. Safari hii yakatosha. Nahodha wa timu tuliyoipeleka Misri alikuwa Saido Berahino, aliyezaliwa Bujumbura Agosti 1993, miezi miwili kabla ya vita, akakulia Uingereza alikokimbilia akiwa mtoto. Kule Misri tulifungwa mechi zote tatu na hatukupata hata bao moja. Nani anajali?

Usiku ule simu ya baba mkubwa iliita, namba ya Tanzania. Alikuwa yule rafiki wa Kamenge. Walikuwa wamepatana tena miaka michache kabla, kupitia kwa mtu wa Kigoma aliyekuja kununua vipuri. Alikuwa ameisikiliza mechi redioni. Baba mkubwa aliweka spika ili sote tusikie, na sauti ikatoka, ya mzee, Kiswahili chake kimeshakuwa cha Kigoma.

"Na leo nani alianza?"

"Leo sisi," baba mkubwa alisema. "Kama siku ile."

"Siku ile walianza wao, bwana."

"Sisi!"

"Wao. Wewe ulikuwa umeinama unatafuta kiatu chako. Mimi ndiye niliyekuambia."

Walibishana mpaka salio likaisha. Mimi nilichukua daftari, nikaandika majibu yote mawili, moja chini ya jingine.